Webley mpya haihitaji risasi kali zaidi

Juzi tena, hapa karakanani kwangu Nairobi, mteja kaniambia kuhusu Webley, bastola kongwe ya Kiingereza yenye silinda ya risasi sita: "Fundi, Webley wakiiunda upya kwa chuma cha siku hizi, itapiga hata .357 Magnum." Jamani, hapana, hiyo ni risasi kali mno kwake. Na inaniuma kwa sababu wanaosema hivi wanaipenda bastola hiyo kama ninavyoipenda mimi.

Chuma cha 1915, mwaka ilipotoka Webley ya toleo la Mark VI, kiliitosha kazi yake. Suala ni umbo. Colt Python, bastola ya Kimarekani ya .357 Magnum, ina fremu nzima: chuma kinapita juu ya silinda bila kukatika. Webley "inavunjika", yaani inakunjuka katikati ili kutiwa risasi: bawaba iko mbele ya silinda na komeo liko nyuma, karibu na nyundo. Ukifyatua, ganda linasukuma nyuma, na komeo ndilo linaloizuia bastola isifunguke. Kamata mpini wa Webley kuukuu iliyofungwa, utikise mtutu juu na chini. Ukicheza, komeo limelika. Kule Marekani Webley nyingi zilichongwa upande wa nyuma wa silinda zipokee risasi ya .45 ACP, yenye shinikizo kubwa kuliko .455, risasi yake ya asili. Mimi hizo sizipigi.

Halafu kuna maganda, ambayo hakuna anayeyataja! Ukiivunja Webley, nyota, kile kipande cha kutolea maganda kilicho katikati ya silinda, inachomoza yenyewe, inayatupa maganda yote sita kwa mpigo, kisha inarudi ndani. Raha ya bastola hii iko hapo. Sasa, ganda la .455 Mark II lina urefu wa karibu milimita 20; la .357 Magnum lina kama 33. Nyota isipochomoza vya kutosha, maganda yananing'inia nusu ndani nusu nje, au moja linateleza chini ya nyota na silinda inakataa kufunga.

Kuna linalonitia shaka, sikatai. Warusi wa Izhevsk waliunda MP-412 REX, inayovunjika na inayopiga .357 Magnum. Kwa hiyo inawezekana. Ila haikuzalishwa kwa wingi, na komeo hupimwa kwa miaka ya kupigwa.

Colt waliporudisha Python 2020 hawakuibadilishia risasi. Walipunguza vipande vya ndani, wakanenepesha chuma chini ya kilengeo cha nyuma. Webley nayo ifanyiwe hivyo: .455 ileile, bawaba iliyochongwa kwa usahihi wa mashine za leo, na komeo ambalo fundi anaweza kulibadilisha likilika. Ikitoka ya namna hiyo, maombi yangu ya leseni yatafika kwenye bodi ya leseni za silaha siku hiyohiyo.