Acheni kuipasha bia moto

Kosa la kuchachushia bia ya nyumbani kwenye joto limerudi tena, safari hii likijiita ushauri: "Weka ndoo mahali pa joto, bia itaiva siku tatu badala ya wiki mbili." Kuwahi itawahi, sibishi. Hamira ya ale, bia inayochachuka kwenye joto la wastani, ikiwa nyuzi 28 hula sukari kwa pupa, na haidromita, kile kipimo cha uzito wa bia kinachoonyesha sukari iliyobaki, hushuka kutoka 1.050 hadi 1.012 hujakaa sawa. Lakini kumaliza sukari siyo kuiva. Onja uone: ndizi mbivu puani, kisha ukali unaochoma koo.

Halafu hizo nyuzi ni za nani? Mtu ananiapia bia yake iko 20 kwa sababu kipimajoto cha ukutani kinasema 20. Hicho kinasoma ukuta! Hamira ikichapa kazi hutoa joto lake yenyewe. Chumba kikiwa 20, katikati ya ndoo unaweza kukuta 24. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, ukifunike kwa kipande cha sponji ili kisisome hewa.

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo nyeti, maana ndipo hamira inapozaana na kuacha ladha zake nyingi. Anzia 18, ndoo ikae kwenye beseni la maji. Povu likianza kulegea, iachie ipande hadi 21 au 22. Joto la mwishoni husaidia hamira kumalizia kazi na kufyonza diasetili, ile harufu ya siagi. Wengi hufanya kinyume: joto mwanzoni, kisha ndoo inapoa, hamira inazama na kulala, bia inakwama 1.020. Ndipo naulizwa mimi.

Laga, bia inayochachuka kwenye baridi, ni 8 hadi 13 na uvumilivu, basi. Na kabla hujanitajia kveik, hamira ya jadi ya Norwei: ndiyo, hiyo hustahimili 35 na zaidi. Hamira yako siyo kveik.

Majedwali ya "joto hili, siku hizi" siyaamini sana. Hamira ileile, joto lilelile, na bado bia mbili hazimalizi pamoja. Umri wa pakiti na hewa uliyoingiza mwanzoni navyo vina lao.

Mapovu ya kwenye kizibo cha kutolea gesi nayo yasikudanganye. Ndoo ikipata joto, gesi iliyoyeyuka hutoka hata kama hamira imeshamaliza. Pima kwa haidromita leo, pima kesho kutwa. Namba ikiwa ileile, tia kwenye chupa. Ikiwa bado inashuka, subiri, la sivyo chupa hupasuka.