"Nao huja kwa mwili gani?" Wakristo wanaamini nini kuhusu mwili wa ufufuo

Ukikaa msibani kwa Wakristo utasikia maneno ya aina moja yakirudiwa kutoka mkeka hadi mkeka: ametangulia, amepumzika, roho yake iko kwa Baba, hapa tunazika ganda tu. Hilo la ganda linafariji, na anayelisema ana nia njema. Lakini Jumapili inayofuata wafiwa wale wale watasimama kanisani wakiri Imani ya Mitume. Mkatoliki atasema anasadiki "ufufuko wa miili", na kwenye madhehebu mengine utasikia "ufufuo wa mwili" au "kiyama ya mwili". Hakuna anayekiri ufufuo wa roho. Kilatini cha kale cha ungamo hilo ni kikali zaidi: kinasema *carnis*, yaani nyama.

Nafundisha Agano Jipya katika chuo cha theolojia, na swali la mwili huo ukoje halijawahi kukosekana darasani. Si swali la utundu. Wakorintho waliliuliza katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, na Paulo, akiwa Efeso, akalinukuu kabla ya kulijibu: "Wafufuliwaje wafu? Nao huja kwa mwili gani?" Jibu lake linaanza na "Ewe mpumbavu!" Mwalimu wa leo akijibu hivyo ataitwa ofisini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo Kiswahili huyaita kwa neno moja, kufufuka. Lazaro alifufuka, na Yesu alifufuka, lakini Injili ya Yohana haituachi tudhani ni jambo lile lile. Angalia nguo. Lazaro alitoka kaburini amefungwa sanda miguu na mikono, leso imezungushwa usoni, ikabidi watu waambiwe wamfungue aende zake. Sura ya 20, Petro anaingia kwenye kaburi la Yesu, anakuta vitambaa vimelala, na ile leso iliyokuwa kichwani imezongwa-zongwa mahali pake peke yake. Lazaro alirudishiwa maisha yale yale, na baadaye alikufa tena kama watu wengine. Yesu, kwa imani ya Kanisa, hakurudi nyuma. Alipita kwenda upande ambao kifo hakifiki. Ufufuo ambao Wakristo wanaungoja ni wa namna hii ya pili, na ndiyo maana Paulo anawaambia Wafilipi kwamba mwili wetu wa unyonge utabadilishwa ufanane na mwili wake wa utukufu.

Basi mwili wa Yesu mfufuka ndio kielelezo pekee tulicho nacho, na ni kielelezo kigumu. Luka anasema wanafunzi walidhani wanaona roho. Yesu akawaambia wamshike-shike, kwa kuwa roho haina mwili na mifupa, kisha akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Lakini katika sura hiyo hiyo ametoka kumega mkate Emau na kutoweka machoni pa wenzake wawili waliotembea naye njia nzima bila kumtambua. Kwa Yohana anasimama katikati ya chumba ambacho milango yake imefungwa, kisha anamwonyesha Tomaso mikono yenye kovu. Waandishi wa Injili hawakujaribu kulainisha mgongano huu. Nami humwambia mwanafunzi asikimbilie kuulainisha.

Sasa turudi kwa Paulo, kwenye maneno mawili ambayo yamewakwaza wasomaji wengi. Wakorintho wa kwanza sura ya 15 inasema, "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho." Mtu akisikia "mwili wa roho" anapata picha ya kitu chepesi kama mvuke, umbo lisilo na uzito. Kiswahili kinatutega hapa, na Kiswahili hicho hicho kinatutoa mtegoni. Kiti cha mbao kimetengenezwa kwa mbao. Jiko la mkaa halikutengenezwa kwa mkaa: ni la bati na udongo, na mkaa ndio unaolipa moto. Swali ni kama "mwili wa roho" ni kama kiti cha mbao au kama jiko la mkaa.

Kigiriki kinaelekea jikoni. Neno tunalosoma "wa asili" ni *psychikon*, linalotokana na *psyche*, nafsi. Kama maneno haya yangekuwa yanataja malighafi, basi mwili tulio nao leo ungekuwa umetengenezwa kwa nafsi, na hakuna aliyewahi kudai hivyo. Zaidi ya hapo, Paulo alishatumia maneno hayo mawili katika sura ya 2 ya barua hiyo hiyo, akimlinganisha "mwanadamu wa tabia ya asili" na "mtu wa rohoni". Sote tunawajua watu wa rohoni. Wanapanda daladala, wanakula pilau ya harusi na kuongeza. Hakuna aliyewaona wakipita ukutani. Wanaitwa wa rohoni kwa sababu ya kinachowaendesha. Mwili wa roho, kwa usomaji huu ambao naona ndio sahihi, ni mwili kweli, ila unaishi kwa nguvu ya Roho wa Mungu na si kwa pumzi hii inayokatika.

Mfano wa Paulo mwenyewe ni wa shambani, na wakulima huuelewa kuliko wanafalsafa. Anasema unachopanda si mwili ule utakaokuwa, ila chembe tupu. Fukua mhindi siku chache baada ya kuchipua: utaikuta punje bado imeshikana na mche, lakini imelegea, ganda limekunjamana, unga wa ndani umeanza kwisha. Mche umetoka humo, si kwingine. Wala hakuna anayeutazama ule mche wa kijani na kusema ni punje kubwa. Paulo anashikilia vyote viwili, kwamba kinachoota ni kile kilichozikwa na kwamba hakifanani nacho.

Wasikilizaji wake walikuwa na sababu ya kusita. Kwa Wagiriki wengi waliosoma, kuachana na mwili ndio uliokuwa ukombozi wenyewe, na Matendo ya Mitume inasema watu wa Athene walidhihaki waliposikia habari za ufufuo. Tumaini hili lilikuwa la Kiyahudi. Katika 2 Makabayo sura ya 7, kijana anayeteswa anatoa ulimi na kunyoosha mikono ikatwe, akisema alivipata kutoka mbinguni na anatumaini kuvipata tena huko. Mikono hii hii.

Halafu, katika sura ile ile ya 15 ya Paulo, kuna mstari wa 50: "nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu." Mstari huu ulipiganiwa karne nzima ya pili na zaidi. Waliokataa ufufuo wa mwili waliubeba kama rungu. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Tunisia ya leo, aliwajibu kwamba Paulo analaumu uharibifu na matendo ya mwili, si mwili wenyewe, na ndiye aliyeuita mwili bawaba ya wokovu: mlango wote unazungukia hapo. Origene, mwalimu wa Kanisa huko Aleksandria, aliona waumini wengi wanaliwaza jambo hili kijuujuu mno. Mwili, alisema, ni kama mto. Ukisimama leo kwenye Mto Pangani na ukarudi baada ya mwaka, mto ni ule ule na maji si yale, na hata miili yetu hula, hutoa na kubadilika daima. Kinachodumu ni umbo linalomtambulisha mtu. Nalipenda wazo hili, ingawa lilimletea Origene taabu muda mrefu baada ya kufa. Mwaka 543 amri ya Kaisari Justiniano ililaani, pamoja na mengine yaliyohusishwa naye, fundisho kwamba tutafufuka tukiwa mviringo kama mpira. Wataalamu wengi leo hawaamini kwamba aliwahi kufundisha hivyo.

Swali la maji ya mto si la vitabuni tu. Mwaka 177 huko Lyon, Ufaransa ya leo, watesi waliwaua Wakristo, wakachoma maiti, wakatupa majivu katika mto Rhône, na mwanahistoria wa Kanisa Eusebio amehifadhi barua ya kanisa hilo inayoeleza sababu: ili wasiwe na tumaini la kufufuka. Karne hiyo hiyo watu waliuliza kuhusu aliyeliwa na samaki, na samaki naye akaliwa na mtu. Nyama hiyo itakuwa ya nani? Baadaye Augustino, askofu wa Hipo katika Algeria ya leo, alilichukua swali hilo kwa uzito. Akasema nyama itarudi kwa yule ambaye ilikuwa nyama ya kibinadamu kwake kwanza, na aliyeipoteza kwa njaa atafidiwa na Muumba. Ukisoma ukurasa huo unaweza kutabasamu. Lakini nenda Mwanza ukazungumze na mtu ambaye ndugu yake alizama na MV Bukoba Mei 1996 na hakuopolewa. Hatatabasamu. Atataka kusikia Ufunuo 20: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake."

Kwa moto, mambo yamebadilika polepole. Roma ilipiga marufuku Wakatoliki kuchoma maiti mwaka 1886, wakati ambapo baadhi ya waliochoma walifanya hivyo kwa kuubeza ufufuo. Mwaka 1963 ikaruhusu, kwa hoja kwamba moto haugusi roho wala haumzuii Mungu kuuinua mwili. Mwaka 2016 ikasisitiza kwamba kuzika ndiko kunakopendelewa, na kwamba majivu yasitawanywe. Waorthodoksi kwa kawaida bado wanakataa. Kwetu, Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana nchini Kenya, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005 kama alivyotaka, na waumini wengi wakashtuka. Mwaka 2011 Wangari Maathai akachomwa Kariokor, Nairobi. Nikisikiliza mijadala ya namna hii, naona mara nyingi hofu si ya theolojia. Ni ya kukosa kaburi la kwenda kufagia.

Augustino aliulizwa mengine mengi, na majibu yake bado yanatawala mahubiri. Mtoto mchanga atafufuka na kimo ambacho angekifikia. Wanawake watabaki wanawake, maana jinsi yao si dosari. Alikuwa akiwapinga waliodhani wote watafufuka wanaume. Wanene na wembamba wasiogope. Karne ya 13 mwanatheolojia Tomaso wa Akwino akaupanga mwili huo kwa sifa nne: hauumii, unaitii roho kabisa, ni mwepesi kwenda, unang'aa. Kwangu sifa hizo hazinigusi kama sentensi yake moja katika maelezo ya barua hii hii ya Wakorintho: roho yangu si mimi. Alimaanisha kwamba hata roho ikiokoka peke yake, mtu bado hajaokoka mzima. Hilo linalijibu lile ganda la msibani kwa maneno machache.

Si Wakristo wote wanaokubaliana, na ni haki msomaji ajue. Wasabato wanafundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui kitu, hadi ufufuo. Mashahidi wa Yehova wanasema Yesu alifufuliwa akiwa kiumbe wa roho, na alivaa miili ili aonekane. Wakatoliki na Waprotestanti wengi wanaamini roho huwa na Kristo ikingoja mwili. Kuhusu ndoa, hakuna ubishi mkubwa: Mathayo 22 inasema katika kiyama hawaoi wala hawaolewi, na wajane wengine hulipokea neno hilo kwa shida.

Swali linalonipa kazi zaidi huja baada ya kipindi, na mara nyingi muulizaji ni mzazi. Mtoto wake alizaliwa na mguu uliopinda, au hasikii. Je, atafufuka "mzima"? Na akiwa mzima, nitamjuaje? Augustino alisema viungo vilivyopotea vitarudishwa, lakini akaongeza kwamba makovu ya wafiadini yatabaki, na hayatakuwa ubaya bali heshima. Alilitoa hilo kwenye hamu ya moyo wetu kuyaona, asema, na sina hakika hamu ni hoja ya kutosha. Mimi humfungulia mzazi Yohana 20:27. Mwili pekee ambao umekwisha kufufuliwa una matundu mikononi, na Tomaso aliutambua kwa hayo.