Zabuni yenu ikikataliwa, anzeni kuhesabu siku

Tuchukue kikundi cha vijana mafundi seremala wa Mafinga, watu waliokua na mbao za paini za Sao Hill. Wameomba zabuni ya madawati ya halmashauri kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, na bei yao iko chini. Inakuja taarifa ya kusudio la kutoa tuzo: kashinda mwingine, wao wamekosa sifa. Mara nyingi simu ya kwanza inapigwa kwa diwani, kesho yake wanakwenda kwa mkuu wa wilaya. Inaniuma kila ninapoliona hili, kwa sababu wakubwa hao, hata wakiwa na nia njema, si ngazi ya malalamiko ya zabuni.

Lalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa afisa masuuli wa taasisi iliyotangaza zabuni. Kwa halmashauri, huyo ni mkurugenzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inampa mzabuni siku 5 za kazi tangu alipofahamu jambo analolilalamikia. Asiporidhika na uamuzi, anakata rufani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, ambako nako muda una ukomo.

Kuwahi peke yake hakutoshi. Someni sababu mliyopewa, kisha fungueni nyaraka za zabuni mtafute kigezo hicho kimeandikwa wapi. Kama hati ya uwakili, ile inayompa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kikundi, haikusainiwa, kulalamika kwamba bei yenu ilikuwa ndogo hakutawasaidia, maana tathmini haikufika kwenye bei. Lakini mkiambiwa hamna uzoefu wa miaka 3 na nyaraka hazikuudai popote, hapo mna hoja nzito: watathmini wanafungwa na vigezo vilivyotangazwa. Tajeni kifungu, ambatisheni ukurasa.

Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Fungu hilo ni lenu, msiliachie kirahisi.

Halafu kuna hili la akaunti. Vikundi vingi, Mafinga hadi Tukuyu, vilifunguliwa akaunti ya NeST na kijana wa steshenari, kwa barua pepe yake na namba yake. Taarifa ikiingia kwake Alhamisi naye akawaambia Jumatano inayofuata, mmebakiwa na siku 1. Badilisheni barua pepe na namba hizo wiki hii, ziwe za kikundi.