Je, wajua kwa nini taa ya bluu ya Vitz hugoma kuzima?

Vitz, gari dogo la Toyota, za toleo la kwanza, lililoingia sokoni Japani mwaka 1999, nyingi hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu. Ya bluu huwaka injini ikiwa baridi, na nyekundu ikiwaka ujue gari linachemsha. Ya bluu inatakiwa izime baada ya dakika chache za kuendesha, isionekane tena hadi asubuhi ya pili. Lakini waulize wenye Vitz zilizozeeka: kwa wengine huchelewa mno kuzima, na penye baridi au mteremko mrefu hurudi yenyewe.

Langu lilinifanyia hivyo mwezi wa saba, nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Barabara ile ni kona juu ya kona, mguu hauko kwenye mafuta, na katikati ya mteremko taa ya bluu ikawaka kana kwamba ndiyo kwanza nimewasha gari. Nikafurahi. Nilidhani injini baridi ndiyo injini nzima. Kumbe sivyo kabisa.

Ndani ya mfumo wa maji ya injini kuna mlango mdogo unaoitwa themostati. Kiini chake ni kikopo cha chuma kilichojazwa nta. Maji yakifika nyuzi 80 na kidogo, nta huyeyuka, hutanuka na kusukuma kipini, mlango ukafunguka na maji ya rejeta (kile kipoza maji cha gari) yakapita. Maji yakipoa nta huganda, springi ikarudisha mlango. Hakuna waya wala umeme. Ni nta tu inayoamua, na mimi huona huo ni ufundi wa hali ya juu.

Sasa, kwenye magari mengi ya umri huu kwetu, mlango huo haupo. Fundi aliutoa zamani, pengine kabla hujalinunua, akisema: "Hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu joto."

Tupige hesabu. Mchana wa Dar es Salaam ni nyuzi 32 hivi. Injini inataka maji ya nyuzi 80 hadi 90 na ushei. Bado kuna pengo la karibu nyuzi 50, na rejeta isiyo na mlango itapoza maji kupita kiasi kila barabara inapokuwa wazi. Tena Tokyo kwenyewe wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 35, na magari ya huko hutembea na themostati zake.

Fundi hakudanganya akisema gari liliacha kuchemsha baada ya kuutoa. Themostati ya zamani ilikuwa imeganda kwa kutu ikiwa imefungwa, akaitoa, maji yakapita. Ila kutu ile ililetwa na maji ya bomba au ya kisima yaliyojazwa miaka nenda miaka rudi badala ya kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini), na hayo hayakubadilishwa. Chokaa unayoiona ndani ya birika la chai ndiyo hiyo hiyo inayoziba vijia vya rejeta.

Hasara huja polepole. Sensa ya joto huiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado baridi, nayo huamuru nozeli ziongeze petroli. Unalaumu foleni, kumbe gari linakunywa kwa amri. Oili nayo huumia: petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, kiasi kikapenya hadi kwenye oili. Oili ya moto huufukuza mvuke huo, ya vuguvugu hukaa nao mpaka inageuka tope. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda sababu ni hiyo. (Gasketi ya silinda hedi iliyoungua nayo huleta rangi hiyo, kwa hiyo ikaguliwe pia.)

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: kutoa themostati kunaweza kulifanya gari lichemke. Themostati nyingi za Toyota zina visahani viwili. Kimoja kikifungua njia ya rejeta, cha pili huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukitoa kifaa chote, njia ya mkato hubaki wazi daima, na ukipanda mlima na mzigo sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta.

Basi nilisafisha rejeta, nikaweka kifuniko kipya cha rejeta, maana kifuniko ndicho kinachobana presha, na Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nikajaza kulanti ya pinki, ambayo Toyota huagiza ibadilishwe kwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila 80,000.

Themostati mpya niliijaribu kwanza jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, na weka kipimajoto. Ikifunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo, kisha ikafunga maji yakipoa, ni nzima. Wakati wa kuifunga kwenye injini, kitundu chake chenye kipini kinachocheza kielekee juu, hewa ipate pa kutokea.