Je, wajua kwa nini matangazo ya apdeti za gemu, yale yanayoorodhesha kilichobadilishwa, hayaishi makosa, na kwa nini wachezaji hawayaachi yapite?

Kama unacheza Free Fire, PUBG Mobile ama eFootball hapa Kampala hii unaijua vizuri. Apdeti ikitangazwa tu, hata kabla mtu hajaanza kupakua, skrinshoti tayari zinazunguka kwenye simu, mtu amechora duara jekundu kwenye mstari mmoja na chini ameuliza "sasa hapa wameongeza ama wamepunguza?", watu wanacheka hadi mbavu zinauma. Wazee wanadhani ni vijana waliokosa kazi. Mimi nasema hapana, wale wanaocheka ndo wamesoma tangazo kuliko mtu yeyote, pengine kuliko hata aliyeliandika, na ukijua tangazo lenyewe linavyotengenezwa utaelewa kwa nini.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui ni kwamba gemu na tangazo lake vinapita njia mbili tofauti. Programa, yule anayeandika maelekezo ya kompyuta ya gemu, akirekebisha kitu anaandika kasentensi kafupi kwenye mfumo wao wa kazi, kwa lugha yao ya ofisini, halafu mtu mwingine wa upande wa mawasiliano anakusanya vile vipande, saa ingine ni mamia, anavigeuza viwe maneno ya mchezaji wa kawaida, kisha vinaenda kwa watafsiri wa lugha kadhaa, na wakati huo wote programa bado anabadilisha yale maelekezo yake. Namba iliyokuwa 12 Jumatatu inakuwa 10 Alhamisi na hakuna aliyekumbuka kumwambia mwandishi. Ndo unasoma kwamba bunduki yako imepunguzwa nguvu, unaingia uwanjani kwa uchungu, unakuta iko vilevile.

Halafu kuna kunakili. Tangazo la mwezi huu mara nyingi linaandikwa juu ya lile la mwezi uliopita, wanafuta na kujaza, na kitu kikisahaulika hapo, tarehe ya zamani inabaki imekaa tu. Na kuna hesabu za kugeuka, hizi ndo zinachekwa zaidi: "muda wa kusubiri umepunguzwa kutoka sekunde 10 hadi 12", ama "nguvu imepunguzwa kwa -5%". Sasa mtoto yeyote aliyefanya hesabu za sekondari atakuambia ukipunguza hasi tano umeongeza tano. Mwandishi mwenyewe haoni, kwa sababu ukisoma kitu ulichoandika wewe, ubongo unakusomea kile ulichotaka kusema. Anayesoma mara ya kwanza ndo anaona kilicho kwenye karatasi.

Kosa linaloniuma mimi ni la saa, na hili Uganda linatugusa moja kwa moja. Studio nyingi ziko pwani ya magharibi ya Marekani, na kule saa zinasogezwa mbele kuanzia Machi hadi Novemba, majira yale saa zao zinaitwa PDT, lakini wengi kule wamezoea kuandika PST, jina la saa ambazo hazijasogezwa, mwaka mzima. Kwetu saa hazisogei. Basi chukua tangazo la Julai linalosema seva zitazimwa 10:00 asubuhi PST. Ukipiga hesabu kwa herufi zilizoandikwa unapata saa tatu usiku Kampala. Walichomaanisha ni saa mbili usiku. Kwa hiyo mtu anaanza mechi ya renki, ile ya kupanda daraja, saa mbili kasoro dakika tano akijua ana saa nzima, inakatwa katikati, pointi zimeenda, na yeye alisoma tangazo kwa makini kabisa!

Lakini siyo kila mstari unaochekesha una kosa. Mingine ni kweli tupu. Mwaka 2015 gemu ya Dwarf Fortress ilipoongezewa baa, wachezaji walianza kuona paka wao wanakufa bila sababu. Mtengenezaji wake, Tarn Adams, alipofuatilia akakuta vibete, wahusika wa gemu hiyo, walikuwa wanamwaga pombe sakafuni, paka wanapita juu yake, baadaye wanajiramba miguu kama paka wafanyavyo, na gemu inahesabu kila mrambo kama kikombe kizima. Paka walikuwa wanakufa kwa ulevi! Ukisoma kwamba hilo limerekebishwa bila kujua historia yake unaanguka kwenye kiti.

Kwa nini tunacheka badala ya kukasirika? Watafiti wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walieleza mwaka 2010 kwamba kicheko kinakuja pale kitu kimeenda kombo lakini papo hapo tunaona hakina madhara. Hio inaendana kabisa na namba iliyogeuka. Ila kwetu madhara yako karibu kidogo, maana tangu Julai 2021 serikali inatoza kodi ya 12% kwenye deta, na apdeti ya gigabaiti mbili siyo kitu cha kuchezea. Ndo maana watu wanalisoma tangazo kama mtu anayehesabu chenji soko la Owino, mstari kwa mstari, na kicheko kikitoka kina makali.

Na hayo macho yanafaa sana. Gemu ya Aliens: Colonial Marines ilitoka 2013 ikasemwa vibaya kwa sababu maadui wake walikuwa wajinga, wanazurura tu. Miaka imepita, wachezaji wakagundua kwenye faili la mipangilio neno "tether", Kiingereza cha kufunga kwa kamba, liliandikwa "teather". Herufi moja imezidi, na ukiifuta maadui wanabadilika kabisa. Studio nzima haikuiona, mchezaji akaiona. Hata eFootball ilipotoka 30 Septemba 2021 nyuso za wanasoka ndani yake zimepinda, picha zilivyosambaa watengenezaji wake Konami waliomba radhi haraka na kuahidi marekebisho.

Kuna kicheko kimoja tu sikipendi, cha kumcheka mtafsiri. Zero Wing, gemu ya zamani ya kampuni ya Kijapani Toaplan, ilichekwa dunia nzima kufikia 2001 kwa Kiingereza chake kilichopinda, lakini mara nyingi mtafsiri wa gemu anapewa mistari mitupu bila kuona picha, hajui anayeongea ni mwanamke ama roboti. Sisi tunaoongea Kiswahili Uganda tunajua vile inauma kuchekwa namna unavyoongea. Cheka namba bana, muache mtu.

Kwa hiyo ukiona mstari umegeuka, ingia kwenye uwanja wa mazoezi upime mwenyewe kwanza, chukua skrinshoti mbili, ya tangazo na ya uwanjani, uzitume kwenye sehemu ya kuripoti ndani ya gemu pamoja na namba ya toleo. Halafu jioni, kabla hujatumia MB zako, fungua lile tangazo tena, maana mara nyingi wanalihariri kimyakimya na mstari mliocheka asubuhi unaweza kuwa haupo tena.