Harusi ya Disemba Uganda: kamati inavyosema na hali ilivyo

Disemba ikikaribia, vikao vya harusi kuanzia Kampala hadi Arua hutawaliwa na picha moja. Ahadi za michango zikishasomwa, mtu huinua simu: bibi harusi wa ng'ambo, theluji, taa, na fataki juu ya mti. "Na sisi tufanye hivi!" Hapo ndipo kamati huanza kuambizana mambo yasiyo kweli.

"Fataki ni kununua na kuwasha." Hapana. Uganda zinahitaji kibali cha polisi, na kila mwisho wa mwaka polisi hutangaza sehemu zilizoruhusiwa kuzirusha. Muuzaji anayekwambia risiti yake inatosha anakuuzia kesi. Anayeona huo ni usumbufu tu akumbuke usiku wa kuamkia 1 Januari 2023: watu wasiopungua tisa, wengi wao watoto na vijana, walikufa katika mkanyagano kwenye sherehe ya mwaka mpya yenye fataki, katika jumba la Freedom City, barabara ya Entebbe. Hawakuuawa na baruti bali na msongamano. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye ukumbi liwe hili: wageni wote wakitoka kwa pamoja kutazama, wanapitia wapi?

"Bustani yetu inatosha." Tupige hesabu. Kanuni inayotumika Marekani kwa maonyesho makubwa hutaka watazamaji wakae umbali wa futi 70 kwa kila inchi ya upana wa kombora la fataki. Kombora la inchi tatu, ambalo si kubwa, linataka futi 210. Kiwanja cha kawaida cha Kampala ni futi 50 kwa 100. Yaani hata ukiliwasha kona moja na wageni wakajibana kona ya pili, bado mko karibu mno, na jirani hajaulizwa. Fataki za angani zifanyiwe uwanjani au ufukweni, na fundi anayeifanya kazi hiyo kila mara. Asikabidhiwe mjomba aliyechangamka.

Wengi basi hukimbilia mashine za "fataki baridi" zinazotema cheche wakati wa kukata keki. Zina joto dogo kuliko baruti, ni kweli, lakini cheche zile ni chembe za metali zinazowaka; ziwekwe mbali na hema, nyasi kavu na mikono ya gomesi. Kinachonishangaza zaidi ni vijiti vya cheche. Tunawagawia watoto kama peremende, ilhali joto lake huzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi.

"Tutafunga ndoa saa sita kamili usiku, mwaka ukigeuka." Wazo tamu, ila Sheria ya Ndoa inataka ndoa ya kanisani ifungwe kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, milango ikiwa wazi, mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Kwa msajili wa serikali muda ni mfupi zaidi: saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na notisi iwe imekaa siku 21. Anayetaka tarehe 27 Disemba asiingie ofisini tarehe 15. Nikaha ina sheria yake. Na wala hamhitaji usiku wa manane ili fataki zionekane: huku kwenye ikweta giza halichelewi. Disemba Kampala jua huzama kabla ya saa moja, na ikifika saa moja na nusu anga ni jeusi. Zirusheni hapo, wazee na watoto wakiwa bado macho.

"Majilio, yale majuma ya kuisubiri Krismasi, hakuna harusi." Kanisa Katoliki halikatazi, parokia nyingine huomba tu mapambo yawe ya kiasi. Muulizeni paroko.

"Disemba mvua imekwisha." Kaskazini, sawa. Ukanda wa Ziwa Victoria mvua za vuli mara nyingi huburuta hadi Disemba. Hema ni lazima.

"Bila theluji haina ladha ya Krismasi." Theluji ya Uganda iko milima ya Ruwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109; ile bandia ya kopo, juani huwa utelezi sakafuni. Poinsetia, ua jekundu la Krismasi, asili yake Mexico, lakini vipando vyake hukuzwa karibu na Entebbe na kupelekwa Ulaya. (Ule wekundu ni majani, si petali.) Weka maua hayo, matawi ya msonobari na migomba miwili langoni. Mbugu, nguo ya gome la mtuba, inapendeza mezani, ila huvishwa pia maiti, kwa hiyo wazee wa Buganda waulizwe kwanza. Na senene! Msimu wake mkubwa ni Novemba. Kaanga za kutosha, hifadhi, na sahani ya senene kando ya luwombo, mchuzi uliopikwa ndani ya jani la mgomba, itawafurahisha wageni kuliko povu jeupe.

"Watu wako likizo, watakuja wote." Krismasi Kampala humwagika kwenda vijijini, nauli za basi hupanda, na mwenye ahadi anawaza karo. Harusi ya kijijini huwakuta wageni tayari wako kwao. Tatizo linahamia kwa mwenye hema na fundi wa fataki, wanaotoka mjini kwa nauli ya sikukuu: bei yao ikubaliwe mapema, na jirani mwenye ng'ombe aambiwe saa ya mlipuko ili awafunge zizini.