Kipimo cha Damu Hakioni Kidonda

Wiki hii ameingia chumbani mwangu mgonjwa wa nne akiwa na karatasi ile ile mkononi, yenye majibu ya kipimo cha damu yaliyoandikwa "chanya". "Daktari, nina vidonda vya tumbo, nimeshatibiwa mara tatu na haviponi." Nikamwuliza kama amewahi kupimwa kwa kamera, ile inayopitishwa kooni. Hajawahi. Basi hivyo vidonda aliviona nani?

Kidonda ni jeraha: ukuta wa tumbo, au wa duodeni pale utumbo mwembamba unapoanzia, umechimbika hadi kupita utando wake wa ndani. Maumivu ya chembe ya moyo ni kitu kingine, na kipimo cha damu ni kitu cha tatu kabisa. Kipimo hicho hutafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya Helicobacter pylori, bakteria wa tumboni wanaoweza kusababisha vidonda, na kingamwili hizo huweza kubaki katika damu kwa miezi, hata miaka, baada ya bakteria wenyewe kufa. Inawezekana kabisa kwamba mgonjwa wangu aliwamaliza kwa dozi ya kwanza, na mbili zilizofuata zilikuwa zikitibu kumbukumbu. Anayetaka kujua kama bakteria bado wapo apimwe kinyesi au pumzi, akiwa ameacha omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali ya tumbo, kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema hawapo ilhali wapo. Sharti hilo sisi madaktari, nami nikiwemo, mara nyingi tunasahau kulitaja.

Hata wakiwepo, bakteria si kidonda. Zaidi ya nusu ya watu wazima wa Afrika Mashariki wanaishi nao, na wengi wao hawatapata kidonda maishani. Kumkuta mwizi mtaani si ushahidi kwamba nyumba yako imevunjwa. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao makusudi ili kuthibitisha kwamba wanadhuru tumbo, na kamera ilipopitishwa siku chache baadaye ilionyesha uvimbe wa utando wa tumbo. Kidonda hakikuwepo. Yeye na mwenzake Robin Warren, waliogundua bakteria hao, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na bado watu wanailaumu pilipili.

Ninachokereka nacho zaidi ni mtu anayeogopa pilipili na maharage huku mfukoni ana diklofenaki ya maumivu ya mgongo anayoimeza kila siku. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kemikali zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake lenyewe, na dawa hizo ndizo huchimba kweli.

Wengi ninaowapima kwa kamera hawana jeraha lolote. Baadhi wana kiungulia tu, kwa kuwa mlango wa chini wa umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umelegea. Waliobaki tumbo lao halitanuki vizuri wakila, linachelewa kutoa chakula, au mishipa yake ya fahamu ni myepesi kuumia. Kundi hili likikutwa na bakteria huwa nawapa dozi ya siku 14; wachache hupata nafuu, wengi hurudi na malalamiko yale yale, na sina namna ya kuwatambua mapema.

Anayekwama chakula kikishuka, anayepata choo cheusi kama lami, anayetapika damu au anayekonda bila sababu, huyo asisubiri dozi ya pili. Saratani ya umio imeenea katika ukanda wetu, kutoka Ethiopia hadi Malawi, na nimeipokea mara nyingi mno ikiwa imetibiwa kwa miezi kama vidonda.

Mgonjwa wa nne nimempa kikopo cha kinyesi na kumwagiza aache omeprazo kwa wiki mbili, na akiumia atafune vidonge vya magnesiamu. Akaniuliza kama katika wiki hizo anywe maziwa kwa wingi. Nikamweleza kwamba hupoza kwa muda mfupi, kisha huchochea tindikali zaidi. Akaitikia kwa kichwa, halafu akauliza kuhusu juisi ya kabichi.